Brashi Kwanza, Rangi Baadaye



Bonasi ya majani chai ikishalipwa, kwa kawaida mwezi wa Oktoba, maswali mnayotutumia hubadilika. Kabla ya hapo ni mbolea na karo. Baada ya hapo ni mahema, keki, nguo na nyuso, maana Novemba na Desemba ndiyo miezi ya koito, ile sherehe yetu ya kuposa, na harusi huku kwetu, kuanzia Kericho mjini hadi Litein, Kapkatet, Sotik, Silibwet na Bomet. Sasa dada mmoja wa upande wa Konoin ameuliza hivi: dada yake mkubwa anafanyiwa koito karibuni, na yeye ndiye aliyekabidhiwa uso wa bi harusi mtarajiwa. Ametengewa pesa kidogo za vipodozi. Anunue paleti ipi ya rangi za macho, ile ya rangi 18 au ile ya rangi 35?

Dada yangu, hizo pesa kanunulie brashi kwanza. Brashi ya kublendi, kama wanavyoiita saluni. Zikibaki, ndipo uende kwenye rangi, na rangi zenyewe nne zinakutosha.

Najua jibu hili linakatisha tamaa. Paleti ikifunguliwa inapendeza, na brashi haina la kuonyesha: kijiti, pete ya bati, na kishungi cha nywele. Lakini fikiria rangi ya macho ni kitu gani. Ni unga. Unga ukiwekwa juu ya kope hukaa pale pale ulipotua, na mpaka wake huonekana waziwazi, hapa kahawia, hapa ngozi. Kuufuta ule mpaka, rangi ipungue kidogo kidogo hadi anayetazama ashindwe kusema imeishia wapi, ndiko kublendi kwenyewe, na kazi hiyo haifanywi na rangi. Kile kisponji chenye mpini wa plastiki kinachokuja ndani ya paleti kimetengenezwa kubandika, hakijui kutawanya. Kidole ni kizuri kwa rangi inayometameta unapotaka ikolee katikati ya kope, lakini nacho kinabandika tu. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na rangi 35 na bado jicho likatoka na madoa, na mwingine akawa na kahawia mbili na brashi moja na jicho likapendeza picha baada ya picha.

Wenzetu wa Pwani, Lamu na Mombasa na Unguja, wamepamba macho kwa wanja vizazi na vizazi, na kifaa chao ni kijiti laini kinachopitishwa kwenye ukingo wa jicho. Uzuri wa wanja uko kwenye mstari: mweusi, uliokaza, unaojulikana umeanza wapi na kuishia wapi. Huu mtindo wa rangi iliyofifishwa hadi chini ya nyusi unataka mkono mwingine kabisa, na umelelewa zaidi na kamera. Kampuni ya MAC, ambayo jina lake mnalisikia kila saluni, ilianzishwa Toronto, Kanada, mwaka 1984 na Frank Toskan na Frank Angelo. Toskan alikuwa mpambaji na mpiga picha, na alitafuta vipodozi vitakavyostahimili taa za studio. Brashi yao ya kublendi, namba 217, ndiyo iliyofanya umbo hili lijulikane duniani: kichwa cha mviringo kilichorefuka kidogo, nywele zilizoachiana, ncha iliyochongoka bila kuwa kali. Zamani ilikuwa ya manyoya meupe ya mbuzi. Siku hizi ni ya nyuzi za kutengenezwa. Karibu kila brashi ya kublendi utakayoikuta kibandani, iwe na jina lolote, imefuata umbo hilo.

Basi twende kibandani. Siku ya soko utakuta seti zimefungwa kwenye nailoni, brashi 12 pamoja, mipini ya waridi au ya rangi ya dhahabu. Muuzaji atakusifia idadi. Wewe usihesabu. Mwambie aifungue, kisha tafuta moja tu ndani yake, ile yenye nywele zilizosimama bila kubanana na kichwa cha mviringo. Zile bapa ni za kubandikia rangi. Zile nene ni za poda ya uso. Ikiwa ile moja ni mbovu, seti yote haikufai hata ikiuzwa kwa bei ya kutupa, na ni afadhali ununue brashi moja inayouzwa peke yake kwa bei ileile.

Kuna jambo hapa ambalo siwezi kulipita haraka, kwa sababu ni letu. Wengi wanaonisikiliza wana mikono ya chai. Anayechuma kila siku ana ncha za vidole zilizokauka na kupasuka, na kwenye ile mipasuko umeingia weusi wa utomvu wa majani ambao sabuni haiutoi. Vidole hivyo vimelisha nyumba na kusomesha watoto, lakini haviwezi kukuambia kama nywele za brashi zinachoma. Ukiipapasa brashi kwa vidole hivyo, kila brashi ni laini. Utaiona laini sokoni, halafu bi harusi atajikunyata kila ukimgusa na macho yatamtoka machozi kabla hata hajaagwa. Kwa hiyo ijaribu mahali ambapo ngozi yako bado ni nyembamba: upande wa ndani wa mkono, juu ya kifundo, au shingoni nyuma ya sikio. Ipitishe huku na huku mara kadhaa. Ukihisi mchomo hata mmoja, irudishe. Ila usiipeleke kwenye jicho ukiwa pale sokoni, maana hujui imeguswa na wangapi.

Ule mchomo unatoka wapi? Mara nyingi unatoka kwenye mkasi. Brashi ya bei rahisi hupewa umbo kwa kukatwa: nywele zinafungwa pamoja, kisha kichwa kinapunguzwa hadi kiwe mviringo. Kila nywele inabaki na ncha butu. Nywele ya mnyama ambayo haijakatwa huchongoka yenyewe kuelekea mwisho, na ncha hiyo ndiyo inayoteleza juu ya kope bila kukwaruza.

Katika mkoa wa Hiroshima, Japani, kuna mji mdogo wa Kumano, uliozungukwa na milima, na watu wake wanaijua habari hii kuliko wote. Walianza kama wakulima ambao mashamba hayakuwatosheleza. Msimu wa kilimo ukiisha walikwenda kutafuta vibarua mbali, na waliporudi walipitia Nara wakanunua brashi za kuandikia na wino wa kuuza njiani. Mwishoni mwa enzi ya Edo, katika karne ya 19, wakajifunza kuzitengeneza wenyewe. Leo sehemu kubwa kabisa ya brashi za Japani hutoka Kumano, za kuandikia, za wachoraji na za vipodozi. Fundi wa brashi za vipodozi hazipi nywele umbo kwa mkasi. Huzitumbukiza ncha zikielekea chini ndani ya kikombe cha mti kilichochongwa, akakigongagonga hadi nywele zijipange zenyewe kwa umbo la kile kikombe, kisha akazifunga upande wa mizizi. Zilizogeuka kichwa chini huondolewa kwa kisu na mkono. Timu ya wanawake ya Japani iliposhinda Kombe la Dunia la soka mwaka 2011, serikali ilipowatunuku heshima ya taifa iliwapa na kumbukumbu: seti ya brashi za vipodozi za Kumano. Nimeipenda sana habari hiyo. Wacheza mpira, mabingwa wa dunia, wakapewa kazi ya mikono ya mji wa wakulima, na hakuna aliyeona ni zawadi ndogo.

Brashi za Kumano ni ghali na sikuambii uziagize. Ninachotaka uchukue kutoka kwao ni macho ya kukagua. Tazama ncha za brashi yako kwenye mwanga. Zikiwa zimelingana kama zimefyekwa, zimekatwa. Zikiwa zinapungua wingi kuelekea mwisho hadi ule ukingo uonekane kama moshi, hiyo ina matumaini.

Halafu pima ukubwa, na hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Simama mbele ya kioo, fumba jicho moja, ukadirie nafasi iliyopo kati ya mzizi wa nywele za kope na nyusi. Brashi ikiwa pana kuliko nusu ya nafasi hiyo, kila ukiizungusha itapanda hadi kwenye nyusi, na utajikuta na jicho lote limekuwa kahawia kama lililopigwa. Kwa macho mengi, kichwa cha upana wa sentimita 1 hivi, na nywele zenye urefu wa sentimita 1.5 au pungufu kidogo, kinatosha. Mwenye macho madogo au kope zilizofunikwa na ngozi ya juu atafute ndogo zaidi, ile inayoitwa ya penseli kwa umbo lake. Kisha ibonyeze kwenye mkono: nywele zifunguke, na ukiachilia zirudi. Zikibaki zimelala, ni legevu mno. Zikikataa kabisa kufunguka, zimebanwa mno na zitachora mstari badala ya kuufuta. Mwisho tikisa ile pete ya bati. Ikicheza, gundi imeanza kuachia na brashi haitamaliza kuoshwa mara tatu.

Mbuzi au nyuzi za kutengenezwa? Ubishi huu ni mrefu saluni, na kila upande una haki yake. Nywele ya mnyama, ukiitazama kwa hadubini, ina magamba madogo madogo, na unga hushikwa na yale magamba ukaachiliwa kidogo kidogo. Kwa rangi ya unga hakuna kinachoishinda kwa upole. Nyuzi za kutengenezwa uso wake ni laini mtupu, kwa hiyo hubeba unga kidogo zaidi na huwa tayari kuuangusha mashavuni, ila hazinywi mafuta, na kwa rangi ya krimu ndizo zinazofaa. Kama ungekuwa Garissa au Lodwar, ningekwambia ununue mbuzi bila kuuliza mara mbili. Lakini sisi tuko takriban mita 2,000 juu ya bahari, kwenye mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, mvua ambayo Kericho hunyesha alasiri karibu kila siku kama iliyoajiriwa. Nywele za mbuzi hunywa maji na kukaa nayo. Nyuzi hukauka upesi. Kwa brashi yako ya kwanza, na kwa nchi hii ya chai, mimi nasema nyuzi, mradi ziwe zile laini za siku hizi, si zile zinazong'aa kama kamba ya kuvulia samaki.

Sasa siku yenyewe imefika, na hapa nataka twende pole pole.

Anza na mwanga. Bi harusi huamshwa alfajiri, na mara nyingi hupambwa chumbani chini ya balbu moja ya manjano, kama stima haijapotea. Balbu ya manjano inaficha kahawia na nyekundu. Utaongeza, utaongeza tena, kisha atoke nje uone ulichofanya. Subiri kupambazuke. Mketishe akitazama dirisha, wewe usimame pembeni usimzibe mwanga. Macho yafanywe kabla ya faundesheni ya uso, ili unga ukidondoka chini ya jicho uufute kwa tishu bila kuharibu kitu.

Kope ipakwe konsila kidogo sana, iliyosambazwa hadi isionekane, halafu poda nyepesi juu yake. Usiruke hatua ya poda. Rangi ikikutana na konsila mbichi itanata mahali pamoja, na hakuna brashi itakayoiondoa hapo, hata ya Kumano.

Chukua rangi ya kwanza. Kwa ngozi zetu nyeusi na za kahawia, rangi ya kwanza isiwe nyepesi kuliko ngozi. Unga mweupe-mweupe ukiblendiwa kwenye ngozi nyeusi hugeuka kijivu, mtu akaonekana amepakwa majivu. Tafuta yenye joto ndani yake: rangi ya tofali, ya udongo mwekundu wa barabara ya kwenda Bomet, ya kahawia iliyoelekea machungwa. Gusa unga kwa ncha tu ya brashi, mara moja, kisha gonga mpini kwenye ukingo wa paleti ili ziada idondoke. Watu hupuuza kugonga, na nusu ya makosa huanzia hapo.

Brashi ishike mbali, karibu na mwisho wa mpini. Ukishika karibu na pete, mkono wote unaegemea jicho. Mchumaji hodari haparamii jani. Vidole vinafika kwenye majani mawili na chipukizi, vinakata, vinaondoka, na kichaka hakitikisiki. Uzito wa mkono uwe huo.

Mwambie bi harusi afumbe macho bila kuyakaza. Weka ncha ya brashi kwenye kona ya nje, pale ambapo kope inakunjika jicho likifunguka, na utembee ndani ya ule mkunjo kuelekea puani, kisha urudi, huku na huku. Mapito manne matano. Ukirudi kona ya nje, zungusha viduara vidogo sana, usivuke mahali ambapo nyusi inaishia. Rangi nyingi itabaki nje, itapungua kadiri unavyoingia ndani. Usiongeze bado. Mwambie afungue macho akutazame. Hapa ndipo utajua ukweli, kwa sababu jicho lililofumbwa linadanganya: mkunjo ulioupamba vizuri unaweza kutoweka wote likifunguka. Ikiwa umetoweka, panda kidogo juu ya mkunjo, jicho likiwa wazi, na uanze tena kwa mkono ule ule mwepesi.

Rangi ya pili, iliyokolea zaidi, ni ya kona ya nje tu, kidogo kuliko unavyodhani. Halafu fanya jambo ambalo anayeanza halifanyi: weka rangi kando, futa brashi kwenye tishu hadi isiachie kitu, urudi jichoni nayo ikiwa tupu. Pitisha kwenye ukingo wa juu tu, pale rangi inapokutana na ngozi. Utaona mpaka unayeyuka. Dakika moja kwa kila jicho. Dakika hiyo moja ndiyo inayotenganisha uso uliopambwa na uso uliopakwa rangi, na haikugharimu hata shilingi.

Kuna sababu nyingine ya kung'ang'ania kublendi huku kwetu. Koito siku hizi huvaliwa nguo za ngozi au za kitambaa cha rangi ya ngozi, kahawia yenye shanga na simbi, na picha karibu lazima zipigwe kwenye mashamba ya chai. Kijani kile kinang'aa, na mwanga wake hurudi usoni mwa aliyesimama katikati yake. Rangi za bluu na zambarau zikikutana na kijani hicho zinachafuka; kahawia na tofali zinasimama vizuri. Na mvua ikija alasiri, au machozi wakati wa kuwaaga wazazi, rangi isiyokuwa na mpaka hupungua kwa usawa. Unabonyeza tishu, mambo yanaendelea. Yenye mstari ikiloa sehemu moja, kila mtu ataiona hadi jioni.

Tusiwasahau akina mama. Koito ni siku yao kama ilivyo ya binti, na wengi hukaa kwenye foleni ya kupambwa wakiambiwa wafanyiwe kama bi harusi. Ngozi ya kope ya mama wa miaka 60 imelegea, na brashi ikiizungusha inakokota ngozi na rangi pamoja. Usizungushe. Mwombe ruhusa, nyanyua ngozi kidogo kwa kidole kwenye ncha ya nyusi, kisha ipitishe brashi kwa kuibonyeza na kuiachia. Rangi inayometameta huingia kwenye mikunjo ikaionyesha yote, kwa hiyo mpe rangi kavu, moja tu, nyepesi. Naye kogo, yaani nyanya, akikataa kabisa kuguswa macho, mheshimu. Mpake mafuta mikononi, mfunge kitambaa chake vizuri.

Foleni hiyo inanileta kwenye jambo linaloniudhi kwa kweli. Brashi moja, macho kumi na mawili, bila kuoshwa katikati. Mapema mwaka 2024 ugonjwa wa macho mekundu ulienea Dar es Salaam na Mombasa, na wahudumu wa afya wakasisitiza kunawa mikono na kutochangia taulo. Brashi ya macho haina tofauti na taulo, na inafika karibu na jicho zaidi. Kama unapamba watu kadhaa, uwe na brashi zaidi ya moja, kila mtu na yake. Ukikosa kabisa, uwe na spiriti ya hospitali ya asilimia 70 kwenye chupa ya kupulizia: futa unga wote kwenye tishu, pulizia, paka kwenye tishu safi, na usubiri ikauke hadi harufu iishe. Spiriti isiyokauka ikigusa jicho ni kilio. Na mwenye jicho jekundu au linalotoa tongotongo asiguswe macho kwa brashi yoyote siku hiyo, hata akiwa bi harusi. Mpambe midomo na nyusi. Jicho lisipopona, aende hospitali. Bomet mna kliniki ya macho pale Tenwek. Msilioshe kwa chai ya rangi iliyopoa, wala msitie dawa iliyobaki ya mtu mwingine.

Kuosha kwenyewe ni rahisi. Kukausha ndiko kugumu huku. Maji ya vuguvugu, tone la shampuu ya mtoto kiganjani, brashi imeelekezwa chini wakati wote ili maji yasipande ndani ya pete yakalainisha gundi. Izungushe kiganjani hadi povu litoke jeupe, suuza, ikamue kwa vidole ukiirudishia umbo lake. Sasa usiitie kwenye kikombe ikiwa imesimama. Maji yatashuka hadi kwenye mzizi wa nywele, yakae humo usiku kucha, na baada ya wiki chache utaanza kusikia harufu ya ukungu kila ukiisogeza usoni. Ilaze kwenye ukingo wa meza, kichwa kikining'inia hewani, au ifunge kwa uzi ining'inie kichwa chini. Osha asubuhi, usioshe jioni. Mwezi wa Julai, baridi ikikaza, hesabu siku mbili nzima kabla haijakauka hadi ndani, hata kama kwa nje unaiona kavu. Na tafadhali, msiiweke karibu na jiko la makaa. Nyuzi zikipata joto zinajikunja na hazinyooki tena, na nimeona brashi nzuri zikiharibikia pale pale jikoni kwa sababu harusi ilikuwa kesho.

Mabinti kadhaa mmeniuliza kama kazi hii inaweza kuwa riziki. Mashine za kuchuma chai zimepunguza vibarua, na hasira yake tuliiona Kericho mwezi wa Mei 2023 mashine zilipochomwa moto. Wapo kati yenu mliogeukia saluni tangu hapo, na mnafanya kazi ya heshima. Mkenya mwenzetu Nelly Tuikong alianzisha Pauline Cosmetics na kuliingiza jina hilo sokoni. Suzie Wokabi alifanya hivyo kabla yake na SuzieBeauty. Ushauri wangu kwa anayeanza: kabla ya kiti cha kuzunguka na kioo chenye taa, pata brashi sita za kublendi zinazofanana, chupa ya spiriti, na kamba ya kuanikia. Mteja akiona unatoa brashi safi kwa ajili yake peke yake, huhitaji kumwambia neno, na atakuletea dada zake.

Nawe dada wa Konoin, hii ndiyo orodha yako. Brashi mbili za kublendi za nyuzi, moja ya upana wa sentimita 1 na nyingine ndogo yake. Rangi ya tofali, kahawia iliyokolea, nyeusi kidogo ya ukingoni, na moja inayometameta ya katikati ya kope, ambayo utaipaka kwa kidole kilichooshwa. Fanya jaribio wiki moja kabla, saa ileile ya asubuhi, dirisha lilelile, umpige picha kwa simu akiwa nje kwenye chai. Ukiona mpaka kwenye hiyo picha, usiongeze rangi. Rudi na brashi tupu.